Shahidi wa Kitandani kwa Mama

Jumatano, 11 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na hapo salamu zimekwisha. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu umenikatia mara mbili, na barua haina kitufe cha kukatia.

Kwanza uniwie radhi kwa siku ya mazishi. Nilisimama nje ya ukuta wa kanisa lenu mpaka mlipotoka na jeneza, nikalifuata kwa mbali, kisha nikaondoka bila kukaa na watu. Najua nimesemwa. Mwanaume wa miaka hamsini na nane, mtoto wa kwanza wa marehemu, anasimama ukutani kama mpita njia. Nilidhani katekista kama mimi akiingia na kuketi kwenye ibada yenu atakuwa ametia sahihi jambo fulani. Mchungaji wako ana sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia kila kitu hata hivyo. Nilikusikia na wewe pia. Ulisema mama alisimama imara katika imani ya nyumba hii mpaka pumzi yake ya mwisho.

Maneno hayo yananiwasha tangu siku ile. Nina swali moja tu: mama aliomba padri?

Usinijibu kwa mahubiri. Paroko wetu mpya, kijana wa miwani anayetaka kila kitu kiwe kwenye karatasi, amesema Misa ya kumwombea mama ataisoma bila maswali. Lakini kuliandika jina lake katika kitabu cha wafu wa parokia, kama mtu wetu aliyerudi, anataka shahidi aliyekuwa kitandani aandike kwa mkono wake kwamba mama aliomba sakramenti. Aliyekuwa kitandani ni wewe peke yako. Mimi nilikuwa huku nimejikunja juu ya saa ya mwalimu fulani, natafuta skrubu iliyoanguka.

Ndiyo au hapana. Nitashukuru.

Kaka yako

*

Alhamisi, 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta na pini mdomoni, nikaisoma nazo hivyo hivyo, na ni bahati sikuzimeza.

Kwa hiyo mama ameshazikwa, na bado yupo kijana wa miwani wa kuamua alikuwa mtu wa nani? Baba yangu alikuwa akilisema hilo kila Jumapili akifunga kamba za viatu: kwamba kwenu mtu hawezi hata kupiga chafya mbele za Mungu bila kibali cha ofisi. Nilikuwa nikicheka. Sasa sicheki.

Hebu tukumbushane, maana naona umesahau. Baba yako alifariki ukiwa mdogo. Mama akiwa mjane aliolewa na baba yangu, mbele ya mchungaji wetu, katika kanisa letu. Mwanaume ambaye hakuwahi kumpandishia sauti. Kwa kosa hilo kanisa lenu likamfungia Komunyo, na hakuipokea tena mpaka anaingia kaburini, miaka arobaini na mitano. Nani aliwapa mamlaka hayo? Utaniambia Petro alipewa funguo. Na mimi nitakuuliza ni nani aliyewachongea funguo wengine wote waliokuja nyuma yake.

Kwetu hakuna mtu wa kanzu anayesimama mlangoni. Kila mwamini ni kuhani. Nawafundisha hivyo vijana wa kipaimara kila Jumamosi, na wewe unajua.

Mama alikufa kwa amani. Andika hilo kwenye karatasi ya kijana wako.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 26 Juni

Mzee wa Kanisa usiye na ndevu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwa kile kioo changu cha kazini, cha kukuzia, na bado sikuona ndiyo wala hapana.

Umeniuliza habari za mamlaka, nami nitakujibu kama fundi. Dukani kwangu zimetundikwa saa ishirini na tatu. Nikiziacha kila moja ijiamulie, kufika Ijumaa hakuna mbili zinazokubaliana, na kila moja inapiga kengele kwa kujiamini kabisa. Lazima awepo mtu wa kusema sasa ni saa ngapi. Ninyi mtaani kwako mna makanisa mangapi, saba? Na kila moja lina ufunuo wake. Paroko ananiudhi, askofu ananiudhi zaidi, lakini wakisema jambo, natii. Afadhali kutii na kununa kuliko kila mtu kuwa papa sebuleni kwake.

Nitakwambia na jingine, usije ukadhani sisi tuna mioyo ya mawe. Kama mama angemwita padri, padri angekuja. Mgonjwa akiwa katika hali ya kufa na kupona, mambo ya ndoa hukaa pembeni. Hata kama mtu alifungiwa miaka mia. Hiyo parokia ya mtaani kwako iko mbali gani, nusu saa kwa pikipiki? Angefika kabla maji ya kuoga hayajapoa. Angemsikiliza, angempaka mafuta, na mama angepokea.

Ndiyo maana nauliza. Si kwa kutaka kushinda.

Kaka yako

*

Jumatano, 2 Julai

Kaka,

Una hakika angekuja? Hata kwa mama? Nijibu hilo tu.

Mdogo wako

*

Jumanne, 8 Julai

Mdogo wangu,

Angekuja. Nimewasindikiza mapadri kwa wagonjwa miaka thelathini, na sijamwona hata mmoja aliyekataa. Tumeingia kwa walevi, tumeingia kwa mtu aliyekuwa akiturushia mawe.

Kwa nini unauliza? Umenitia wasiwasi.

Kaka yako

*

Jumanne, 29 Julai

Kaka,

Shikamoo. Wiki tatu nimekuwa nikianza barua hii na kuishia kwenye shikamoo.

Aliomba.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, siku moja kabla hajafa. Nilikuwa nimemwosha na kumbadilishia shuka. Akanishika mkono akasema, "Mwanangu, niitie padri." Alisema vizuri, akili zake timamu. Nikamjibu, "Sawa, mama." Nikaenda chumba cha cherehani, nikarudishia mlango. Simu ilikuwa juu ya sare za shule nilizokuwa nikizikata. Sikuigusa. Nilikaa muda ambao mtu angeutumia kuongea na simu. Nikasema hata "haloo" kwa sauti, ili asikie. Nikasema, "Ndiyo, padri. Nimeelewa, padri." Najiona nilivyokaa pale, kaka, nikiongea na rundo la sare.

Nikarudi nikamwambia, "Mama, amesema haji. Ni kwa sababu ya ile ndoa."

Nilidhani atalia au atabisha. Alisema, "Najua." Basi. Nimeshona nguo maisha yangu yote na sijawahi kuona nguo iliyomkaa mtu sawasawa kama uongo ule.

Ningekuwa nimeishia hapo ningeweza kuishi na nafsi yangu. Lakini akasema, "Basi nisikilize wewe. Si ninyi mnasema kila Mkristo ni kuhani? Keti hapo kwenye kigoda. Kuna jambo nataka kuliungama."

Miaka kumi na moja nafundisha somo hilo. Nina chati yake ukutani. Mama yangu mzazi ananiomba nifanye kile ninachokifundisha, nami nikamwambia, "Mama, hayo mwambie Mungu mwenyewe, anasikia. Ngoja nibandike maji ya chai."

Nikaenda jikoni. Maji yakachemka, nikaongeza mengine ya baridi, nikayasubiri yachemke tena. Niliporudi alikuwa amegeukia ukutani. Nilimwita mara mbili. Hakusema neno jingine mpaka Ijumaa mchana alipokata roho.

Utafikiri nilifanya vile kwa ajili ya kanisa langu. Ningefurahi iwe hivyo, ningeonekana mkaidi tu. Niliogopa, kaka. Niliogopa angemtubia baba yangu. Niliona kabisa atasema kuishi na yule mzee kulikuwa dhambi, padri ataitikia, na mimi nitakuwa nimesimama hapo mlangoni. Kama ndoa ile ni dhambi, mimi nimetoka wapi? Sikutaka mtu yeyote ayasikie hayo, na mimi mwenyewe ndiye niliyeogopa kuyasikia kuliko wote.

Kuna na hili. Baada ya mazishi niliuvua mto wake foronya ili niufue. Pembeni kulikuwa na mshono wa mkono ambao si wangu. Umefumuliwa na kushonwa tena mara nyingi mpaka kitambaa kimeota matundu kama kichujio. Ndani mlikuwa na rozari. Mimi ni fundi, nimeulaza mto ule chini ya kichwa chake miaka kumi tangu baba afe na yeye ahamie kwangu, na sikuuona ule mshono.

Nimeungama kwa Mungu moja kwa moja, kama tunavyofundisha. Sipati nafuu. Nilimwendea mchungaji, akanisamehe kabla sijamaliza sentensi, akaniuliza habari za majoho ya kwaya. Sitaki padri. Nakutaka wewe, maana alikuwa mama yako kabla hajawa wangu. Nisamehe, au niambie huwezi.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 4 Agosti

Mdogo wangu,

Barua hii ni ya nne. Tatu za kwanza nimezichana, na ya kwanza ilikuwa na matusi. Nakwambia ujue kwamba nilikasirika. Nilifunga duka mchana kweupe nikakaa ndani na zile saa, nikakuchukia kwa muda wa kama saa mbili.

Kisha nikafika kwenye lile neno la mama, "Najua," nikashindwa kwenda mbele.

Ukivuta droo ya chini ya meza yangu ya kazi utakuta saa ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Chini ya saa hizo kuna barua. Naiweka ndani ya bahasha hii. Iliandikwa na paroko wetu wa zamani, yule mzee mwenye kikohozi, miezi minane baada ya baba yako kufariki. Nakuomba uisome kabla hujaendelea na yangu.

Umesoma? Basi umeona ameniandikia nini. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Sikwenda. Nilisema nitakwenda Jumapili ijayo, na hiyo Jumapili ijayo imekuwa na umri wa miaka tisa. Mzee yule akahamishwa, akafa huko alikohamia, akiamini nimeupeleka ujumbe.

Wewe ulizaliwa ukamkuta mama yupo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipofunga mizigo yake kwenda kwa baba yako. Ndugu wa baba yangu walisema mtoto wa Kikatoliki hatakwenda kulelewa kule, nami nikabaki kwa shangazi. Mama alikubali. Alinifunga vifungo vya shati, akaenda. Nilishika dini kwa mikono miwili kwa sababu ndiyo sababu iliyotajwa. Barua hii ilipofika, nilitaka aje aniulize mimi. Nilitaka mara moja tu, abishe hodi kwenye mlango ambao ufunguo wake ninao mimi.

Na alibisha. Miezi michache baadaye alikuja dukani na saa ya baba yako, akasema imesimama. Nikaifungua. Haikuwa na ubovu wowote, ilitaka kutiwa ufunguo tu. Nikamtania, "Mama, umepanda basi njia yote hiyo kwa ajili ya saa ya kutiwa ufunguo?" Akacheka. Kisha akauliza, huku anatazama saa za ukutani, "Hivi huyo padri wenu ni mtu mkali?"

Droo ilikuwa inanigusa goti. Nikamwambia, "Sheria ni sheria, mama."

Akanirekebisha kola, akaondoka. Kwa hiyo alipokujibu "Najua," aliyemjulisha ni mimi. Uongo wako ulimkaa sawasawa kwa sababu mimi nilikuwa nimeshampima.

Mimi ninayekupigia kelele za mamlaka na utii, nilipewa agizo moja na padri wangu nikalikalia miaka tisa. Nawe unayesema kila mtu ni kuhani, ulipoitwa ukakimbilia jikoni. Baba yako angetucheka wote wawili.

Umeniomba nikusamehe. Kuondolea dhambi si kazi ya katekista, na wewe unalijua hilo kuliko wanafunzi wangu. Lakini si kwa sababu hiyo nashindwa. Sijui nikusamehe kwa mdomo upi.

Kaka yako

*

[Ndani ya bahasha, karatasi iliyokunjwa mara nne]

Kwa katekista wetu,

Amani kwako. Nimesikia yule mzee aliyekuwa akiishi na mama yako ametangulia. Mpe pole zangu. Mwambie kwamba lililomzuia limekwisha, na anaweza kuja siku yoyote aungame na kupokea. Mwambie pia, maana wanawake wa rika lake huliogopa sana hili, kwamba hatutamtaka amkane yule mzee, wala binti waliyemzaa. Mtoto si kitu cha kutubia. Aje tu. Kama miguu inamsumbua, nitakwenda mimi.

Nenda mwenyewe, usitume mtu. Wewe ni mwanawe.

Paroko

*

Alhamisi, 14 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Siku tano sikuweza kushika sindano. Miaka tisa, kaka! Hiyo karatasi imekaa chini ya saa za watu miaka tisa, na mama akifumua mto wake na kuushona. Ukiwa karibu ningekurushia mkasi. Ulikuwa na neno moja la kumwambia, na alikuja mpaka kwenye meza yako kulifuata.

Nimeandika hayo ili na wewe ujue nilikasirika. Sasa tuko sawa kwa hilo.

Lakini nimeisoma ile barua mara nyingi mpaka imeanza kukatika kwenye mikunjo. "Wala binti waliyemzaa." Alikuwa ameshanijibu kabla sijaogopa. Mzee wa watu, hata sura yake siijui, na mimi nimewasema mapadri tangu nikiwa msichana. Nililia jikoni, karibu na lile jiko.

Hatutajua alitaka kuungama nini. Mimi nilidhani ni baba. Wewe, najua, unadhani ni wewe na vile vifungo vya shati. Huenda lilikuwa jambo dogo tu, ugomvi na jirani. Alikuwa nalo mdomoni nami sikulipokea.

Jumapili nilisimama mbele ya usharika nikasema nililosema mazishini halikuwa kweli. Mchungaji alikuwa akinikonyeza niketi. Nimewaachia na uzee wa kanisa. Wamama wawili hawanisalimii, mmoja wao nilimshonea gauni la harusi.

Karatasi ya shahidi hii hapa. Ipeleke.

"Mimi ninayetia sahihi hapa chini nilikuwa kitandani kwa mama yangu. Alhamisi tarehe 29 Mei, asubuhi, akiwa na akili timamu, aliomba aitiwe padri. Padri hakuitwa. Aliyekataa kumwita ni mimi binti yake, nikamdanganya kwamba padri amekataa. Mama hakukataa chochote. Naomba hili liandikwe kama lilivyo."

Mdogo wako

*

Jumatatu, 25 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikwenda kwa paroko na karatasi yako. Nikiwa mlangoni nilitamani kumpa hiyo peke yake. Ingetosha kwa kazi yake, na wewe ndiye ungebaki mkosaji wa pekee kwenye faili. Nikapiga moyo konde nikampa na ile barua ya mzee. Nilikuwa nimeinakili kabla ya kuituma kwako, na nikatia sahihi chini ya nakala kwamba sikuifikisha.

Alisoma zote mbili. Akavua miwani akaifuta, akaisoma yangu tena. Akasema, "Mzee, kama ungekuja na ya dada yako tu, ningeandika jina na kukushukuru." Nikamwambia najua. Akaniambia nipumzike kufundisha mpaka atakaponiita mwenyewe. Sikubisha. Nilikwambia natii na kununa, sasa natii tu.

Kisha akafungua kile kitabu kikubwa akaandika. Nilisimama nyuma yake nikatazama. Jina la mama liko kati ya seremala na mtoto mchanga. Kwenye nafasi ya maelezo ameandika: "Aliomba." Sijui kama sheria inaruhusu neno hilo peke yake, wala sikumwuliza.

Niliungama siku hiyo hiyo, kwa padri, kama inavyotakiwa kwetu. Nimesamehewa, na ninaamini nimesamehewa. Lakini nikirudi dukani goti linagusa ile droo na moyo unanisuta vilevile. Ni kitu ambacho bado sijakisema kwa mtu anayehusika. Mama hayupo. Umebaki wewe.

Kaka yako

*

Jumapili, 31 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Njoo Jumapili ijayo, mchana, baada ya Misa yako na ibada yangu. Safari hii usisimame ukutani, ingia ndani.

Chumba cha mama nimekiacha kilivyo. Kigoda kipo. Rozari nimeirudisha mahali pake nikashona, kwa mkono, kwa ule mshono wake mbaya. Saa ya baba nayo ipo, naitia ufunguo kila asubuhi.

Mambo ya kusameheana sikuulizi tena, na wewe usiniulize. Mimi sina kanzu na wewe umesimamishwa. Wewe utakaa kitandani, mimi nitakaa kwenye kigoda, na utaniambia lote tangu siku ya vifungo vya shati, hata kama litafika jioni, hata kama mimi na baba yangu tutaonekana wabaya. Nitasikiliza mpaka umalize. Ukimaliza, tutabadilishana viti.

Chai nitaichemsha mapema niiweke kwenye chupa, nisipate sababu ya kuinuka.

Mdogo wako